Kaunta buku la makosa

Maalim alifika dukani saa moja na nusu asubuhi na karatasi zake za mtihani wa chuoni: kurasa sita kwa mkono, maswali kwa Kiarabu, maelekezo kwa Kiswahili, nakala arubaini, na anazitaka kabla ya saa nne. Nikawasha kompyuta, nikaandika neno la siri, skrini ikawa nyeusi kidogo, halafu ikanirudisha pale pale penye jina langu na kisanduku cha neno la siri. Nikaandika tena. Ikanirudisha tena. Haikusema nimekosea. Ilinikubali, ikanifungulia mlango wa mbele, ikanitolea wa nyuma, nikajikuta nje.

Mara ya nane maalim akaniuliza, "Vipi yakhe, imekusahau?"

Kilichonitia jasho si kule kurudishwa. Ni kwamba jambo hili hili lilinipata wiki sita nyuma, na nilikuwa nimeshalitibu. Tena kwa dawa kubwa: nilifuta kila kitu nikaisimika upya Linux, mfumo unaoiendesha kompyuta yangu, Ijumaa nzima ikaishia hapo, na kazi za wateja za miezi miwili zikaenda na maji. Jirani yangu anayeuza vipuri vya baiskeli alinisikia nikilalama siku ile, akasema, "Hiyo Linux yako ndiyo mbovu. Rudi kwenye Windows kama wenzio." Nilikuwa karibu nimsadiki.

Nieleze kwanza ilivyoingia. Duka langu liko Wete, la kupiga chapa na kutoa kopi: barua za kuombea kazi, barua za kupeleka kwa sheha, kadi za harusi, risala za mahafali ya skuli. Kila mteja huja na flashi yake, na naweza kuapa kwamba flashi za nusu ya Pemba zimepita katika tundu moja la kompyuta yangu. Hadi 2018 nilitumia Windows, na ugonjwa ulikuwa mmoja: virusi vinavyoficha folda na kuacha njia za mkato mahali pake. Mteja anafungua flashi, haoni kazi yake, ananitazama mimi. Kijana mmoja aliyekuwa akisoma Unguja akaniwekea Linux Mint 19, ambayo ndiyo kwanza ilikuwa imetoka mwaka ule. Nilipochomeka flashi ya namna hiyo nikaziona folda zote zimekaa wazi kama hakuna aliyezificha, na zile njia za mkato zimebaki vifaili visivyoweza kunifanya lolote. Kwa hilo peke yake nilihama. Habari za Linus Torvalds kuianza kazi hii kule Ufini mwaka 1991, na za jina la Ubuntu, ambayo Mint yangu imejengwa juu yake, kuwa ndugu wa neno letu utu, nilizijua baadaye. Mimi nilihama kwa ajili ya flashi.

Sasa asubuhi ile ya maalim sikuwa na Ijumaa nyingine ya kuchezea. Nikakumbuka kijana yule aliwahi kunionesha kwamba nyuma ya ile skrini ya picha kuna nyingine za maandishi matupu, ambazo hufunguka ukibana Ctrl, Alt na F3 kwa pamoja. Nikabana. Ikaja skrini nyeusi inayouliza jina. Hapa ndipo watu wengi hudhani kibodi imekufa, maana ukiandika neno la siri haitokei hata nyota; wewe andika tu, ubonyeze Enter. Ikanipokea bila ya tabu. Kumbe neno la siri halikuwa na kosa. Nikaandika amri pekee niliyoikumbuka, `df -h`, inayoeleza kila diski imejaa kiasi gani, na kwenye mstari unaoishia na alama ya / peke yake nikaona 100%.

Diski imejaa pomoni. Linux inapokutandikia meza yako huandika vifaili vidogo vidogo pembeni. Ikikosa hata pa kuviweka hivyo, meza inaanguka, na wewe unarudishwa mlangoni. Haikuelezi kwa nini, na usiitarajie ikueleze, kwa sababu hata pa kuiandika hiyo sababu hapana.

Ya kwangu ni diski ya GB 120. Nani kaijaza? Nikaandika `sudo du -h --max-depth=1 / | sort -h`, nikangoja, maalim naye akingoja huku akivuta tasbihi. Neno `sudo` pale mwanzo ni la kuomba mamlaka ya msimamizi; amri yenyewe inapima kila folda kubwa na kuzipanga kutoka nyepesi kwenda nzito. Chini kabisa ni jumla. Juu yake tu paliandikwa /timeshift, GB 71.

Timeshift ni programu inayokuja na Mint, inayopiga picha ya mfumo ili ukiharibu kitu uweze kurudi nyuma. Ni kitu kizuri, na ikiachwa ilivyo huhifadhi mfumo tu, mafaili ya mtu haiyagusi. Mimi kwa uroho wa usalama nilikuwa nimetia tiki kila palipo na kisanduku: ihifadhi na mafaili yangu yote, kila siku, juu ya diski ile ile. Sasa dukani kwangu huletwa video za harusi, GB nane, GB kumi, mtu anataka zihamishwe kwenye flashi nyingine kwa ajili ya jamaa zake walioko Muscat. Nazihamisha, kisha nazifuta. Kwenye folda yangu hazipo, lakini picha ya jana bado imezishika, na ya juzi nayo imezishika, basi nafasi hairudi. Kila harusi iliyofungwa Wete msimu ule ilikuwa imepanga ndani ya diski yangu, hailipi kodi. Na nilipofuta na kusimika upya ile Ijumaa, kitu cha kwanza nilichofanya, kwa kuwa nimeshaumwa na nyoka, ni kuifungua Timeshift na kutia tiki zile zile zote.

Niliziondoa picha za zamani moja moja kwa `sudo timeshift --delete`, nikaiacha ya karibuni, nikaanzisha kompyuta upya, nikaingia kama mtu anayeingia kwake. Maalim aliondoka na nakala arubaini saa nne kasoro dakika kumi. Jioni nikanunua kaunta buku, lile nene la hesabu za duka, nikalipiga mistari safu tano: tarehe, dalili, nilichojaribu, kilichotibu, mkosaji. Hiyo ya mwisho niliiweka kwa jeuri, ili siku moja nimuoneshe jirani wa baiskeli ni mara ngapi pameandikwa Linux na mara ngapi pameandikwa jina jingine. Mstari wa kwanza, chini ya mkosaji, nikaandika: mimi.

Kisa kilichokula kurasa nyingi kuliko vyote ni cha saa.

Kompyuta ya pili ya dukani niliiacha na Windows upande mmoja na Linux upande wa pili, kwa sababu ya programu moja ya kutengenezea kadi ambayo haikuwa na ya Linux. Mpwa wangu, aliyemaliza kidato cha nne akawa ananisaidia kazi, aliweka upande wa Linux programu ya kuadhini kila unapoingia wakati wa sala. Asubuhi moja, saa tatu na nusu, watu wako kwenye chai na vitumbua, spika zikaadhini adhuhuri. Mzee mmoja aliyekuwa akipita na mtungo wake wa samaki akasimama, akalitazama jua, akalitazama duka.

"Hiyo adhana ya wapi?"

"Ya kompyuta, mzee wangu."

"Basi iambie ikalale."

Ndani ya kila kompyuta mna saa ndogo inayotembea hata mashine ikiwa imezimwa. Windows huiandika saa ile kwa wakati wa hapa tulipo. Linux huisoma kuwa ni saa ya ulimwengu, ile ya kipimo cha UTC, na kwa kuwa sisi tuko saa tatu mbele ya kipimo hicho, inaongeza tatu zake. Kila mtu akitoka Windows akaingia Linux, dunia inakwenda mbele saa tatu, na jua halina habari. Mimi lakini nilipotea mbali zaidi. Nilivyoona saa hazilingani nikadhani ni zile sita zetu, za kuhesabu tangu jua kuchomoza, na nusu ya asubuhi nilikuwa nikisaka kwenye mipangilio ni wapi mtu ameiweka kompyuta saa ya Kiswahili.

Dawa yake ni amri moja, `timedatectl set-local-rtc 1`, inayoiambia Linux isome saa ile kama Windows inavyoisoma. Sikuijua. Nilichofanya ni kutaka kuirekebisha saa kwa mkono, ikakataa, ikasema saa inajipanga yenyewe kutoka mtandaoni. Nikauzima huo mpango wa kujipanga, nikaiweka saa kwa mkono, nikapiga mluzi. Wiki mbili baadaye, nilipoijua amri ya kweli, niliitumia, adhana ikarudi mahala pake, na ule mpango niliouzima nikausahau umezimwa. Hilo likumbuke, maana litarudi.

Lilirudi baada ya miezi minne, na watoto watatu wa skuli wamepanga foleni kujaza fomu zao mtandaoni. Kila tovuti inakataa. Kivinjari kinasema muunganisho si salama, cheti cha tovuti hakifai. Nikadhani bando limekwisha, nikanunua jingine. Nikadhani modemu, nikaizima nikaiwasha. Nikahama nayo dirishani, kisha mlangoni, kama mtu anayetafuta pa kushika redio. Aliyeliona ni mmoja wa wale watoto, kijana wa miaka kumi na saba, akaoneshea kidole pembe ya skrini. "Mjomba, mbona hii iko mwaka jana?"

Ilikuwa kweli. Tarehe ilikuwa imerudi nyuma zaidi ya mwaka mzima. Cheti cha tovuti kina siku ya kuanza na siku ya kwisha, na kompyuta inayoishi mwaka uliopita inakiona cheti cha leo kama mtoto ambaye hajazaliwa, vipi atoe ushahidi? Betri inayoitembeza ile saa ndogo, kidonge cha volti 3 kinachoandikwa CR2032, ilikuwa imekufa. Kama ule mpango wa kujipanga ungekuwa hai, mashine ingeuliza wakati mtandaoni na kujisahihisha nami nisijue kitu. Fundi saa wa sokoni anazo betri zile. Nikabadilisha, nikauwasha mpango kwa `timedatectl set-ntp true`, na katika safu ya mwisho nikaandika: betri, na mimi.

Hakikuisha. Ili kuiweka sawa tarehe baada ya betri mpya niliingia kwenye baiosi, ile skrini ya kabla ya mfumo kuamka, na nikiwa mle nikakuta mstari unaozungumzia umeme kukatika. Ulikuwa umewekwa "zima". Nikaona si jambo jema, nani anataka kuzimwa? Nikaupeleka kwenye "washa", nikahifadhi, nikatoka, nikidhani nimeipa mashine kinga.

Siku chache baadaye mlinzi wa mtaa akanisimamisha. "Usiku mnafanya kazi na nani mle?" Nikamwambia duka hufungwa magharibi. Akasema jana saa nane za usiku aliona mwanga wa buluu kwenye upenyo wa mlango, na ile mashine ya kuchapishia akaisikia inakohoa. Usiku mwingine akaliona tena. Habari haikulala, kufikia wiki ya pili nilikuwa na mteja aliyebaki barazani, karatasi yake anainyoosha mkono niipokee, ndani haingii. Kulikuwa na waliosema mahala pale pana wenyewe. Mpwa wangu ndiye aliyelinganisha: siku mwanga ulipoonekana ndizo siku umeme ulipokatika usiku na kurudi. Ule mstari wa baiosi maana yake ni: umeme ukirudi, amka. Na printa nyingi za leza zikipata umeme hujinyoosha viungo kwa kelele. Nilirudisha "zima", nikaenda kwa mlinzi kumweleza. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema sawa, na mpaka leo akipita pale usiku huvuka upande wa pili wa njia.

Umeme wetu unatoka Tanga, unapita chini ya bahari tangu 2010. Kabla ya hapo Pemba iliendeshwa na majenereta ya Wesha. Ni neema kubwa na wanaokumbuka majenereta wanajua, lakini waya wa baharini hauwezi kuuzuia mnazi kuangukia nguzo wakati wa masika. Kompyuta ikizimika ghafla katikati ya kuandika, hesabu ya diski hubaki nusu. Mara nyingi Linux hujipanga yenyewe inapoamka. Siku nyingine haiwezi, na badala ya picha unapata skrini nyeusi yenye Kiingereza kirefu na chini yake neno `(initramfs)` linalomeremeta likikungoja.

Mara ya kwanza nililitazama neno lile kama robo saa. Nilikuwa tayari kutafuta flashi ya kusimikia upya. Kisha nikaona hasara gani kusoma, nikasoma, mstari kwa mstari, na kamusi ya simu mkononi. Ilikuwa imeandikwa pale pale, mistari mitatu kutoka chini: sehemu ya sda2 ina makosa, endesha fsck, yaani amri ya kukagua na kutengeneza diski, kwa mkono. Imenitajia ugonjwa, imenitajia dawa, imenitajia na pa kuipaka. Nikaandika `fsck -y /dev/sda2`, yakapita maandishi ya kutosha kujaza gazeti, nikaandika `exit`, mfumo ukaamka. Miaka yote ile nilikuwa nikisoma skrini za makosa kama mtu anavyosoma ubao wa matangazo akiwa juu ya baiskeli. Tangu siku ile nikikutwa na skrini ya namna hiyo kwanza naipiga picha kwa simu, maana ukishaanza kubonyeza bonyeza haitakuwepo tena.

Lakini neno hilo likikujia na umeme haukukatika, tena likajirudia, usikimbilie fsck. Hiyo huenda ni diski yenyewe inakufa. Hamisha kwanza kazi za watu, kisha iulize afya yake kwa `sudo smartctl -a /dev/sda`, utazame idadi ya sekta, vile vipande vidogo vya diski, zilizohamishwa na zinazosubiri kuhamishwa. Zikiwa zinapanda kila wiki, nunua diski. Ya kwangu moja ilipanda, nikaihurumia, nikaizika na picha za mahafali ya watu.

Umeme ukikatika wakati mfumo unasasishwa, programu hubaki nusu zimevaa nusu uchi, na hapo `sudo dpkg --configure -a` ndiyo huzimalizia kuzivisha. Nilinunua UPS, ile betri inayoishikilia kompyuta umeme ukikatika, ya mtumba baada ya mara ya tatu. Ingekuwa nafuu kuinunua kabla ya ya kwanza.

Hewa ya chumvi nayo ina mistari yake sita katika buku. Kompyuta inawaka, feni inazunguka, inalia mlio mmoja mmoja, skrini haioneshi kitu. Watu husema mazabodi, ule ubao mkuu wa ndani, imeungua na kwenda kununua nyingine. Mimi huzima, huchomoa waya, hutoa kipande cha ramu, kumbukumbu ya muda ya kompyuta, nikayasugua meno yake ya rangi ya dhahabu kwa ufutio wa penseli mpaka yang'ae, nikakirudisha. Mara tano katika sita imewaka. Mkosaji: bahari.

Kuhusu printa nitasema moja tu. Karatasi ikikwama, mfumo wa kuchapisha huisimamisha foleni, na ukishaitoa karatasi foleni haijui kwamba umeitoa, inabaki imesimama. Mteja mmoja aliyekuwa na haraka aliachiwa kiti na mpwa wangu, akabonyeza kuchapisha, kimya, akabonyeza tena, kimya. Nilipokuja nikatazama kwa `lpstat -t`, nikaona imesimamishwa, nikaiamsha kwa `cupsenable` na jina la printa bila ya kutazama foleni ina nini. Barua ya kuomba kazi ya udereva, nakala kumi na moja, zote zimeanza "Mheshimiwa". Alizichukua zote. Alisema atazipeleka kwingine.

Fonti zilinitesa zaidi kuliko wateja wanavyojua. Mtu anakuja na wasifu wake ameuandika kwenye Word, kurasa mbili zimekaa sawa. Kwangu LibreOffice, programu ninayoandikia badala ya Word, inaufungua kurasa tatu, jina la mdhamini wa mwisho limebaki peke yake juu ya ukurasa mtupu. Mteja anaona nimemharibia. Nilikuwa nikipunguza ukubwa wa herufi kwa kuvizia, jambo la aibu kidogo. Chanzo ni kwamba fonti ya Calibri haimo katika Linux, basi huwekwa nyingine yenye herufi pana zaidi. Ipo fonti huru iitwayo Carlito ambayo kila herufi yake ina upana ule ule wa Calibri, na nyingine, Caladea, iliyopimwa kwa Cambria. Nilipoziweka hizo mbili, kurasa mbili zikabaki mbili. Kwa mitihani ya maalim niliweka fonti ya Amiri, na hapo alikaa akautazama ukurasa kwa muda. Akasema harakati, zile alama za irabu za Kiarabu, zimekaa juu ya herufi zake. Kwa maalim huyu hiyo ni sifa kubwa. Hajawahi kunisifu kwa jambo jingine.

Na siku ya `chmod`. Folda moja ilinikatalia kuhifadhi faili, nikatafuta mtandaoni, nikakuta amri, nikainakili. `sudo chmod -R 777`, na mwisho wake, badala ya jina la folda, pana alama ya / tu. Ilikuwa inafungua milango yote ya mfumo mzima kwa kila mtu. Iliyapitia mafaili yote, na ilipomaliza hata `sudo` yenyewe ikakataa kufanya kazi, kwa sababu ile alama maalumu inayoipa mamlaka ilikuwa imefutwa pamoja na nyingine. Hapo ndipo kusimika upya kulikuwa dawa, na safari hii nilitoa kwanza mafaili ya watu kwa flashi ya kuanzishia. Safu ya mkosaji niliiandika kwa kalamu nyekundu.

Nisije nikaonekana wakili wa Linux. Wakati mmoja ilisasisha keneli, kile kiini cha mfumo, na waifai ikatoweka, imelala jana ipo, imeamka haipo, na sikugusa kitu. Nilishika Shift wakati wa kuwaka, nikachagua keneli ya zamani kwenye orodha, waifai ikarudi, nikabaki na ile ya zamani hadi toleo lililofuata. Hilo liliandikwa Linux, bila ya kupepesa. Juzi jirani wa baiskeli alikuja kutoa kopi ya kitambulisho, nikamsogezea buku ahesabu mwenyewe. Mistari sitini na mitatu. Linux ina minne. Umeme kumi na tisa. Akapitisha kidole kwenye safu ya mwisho, akaanza kuhesabu za kwangu kwa sauti, nikamwambia kopi yake iko tayari.

Jumatano iliyopita nilikwenda Chake kununua wino, nikarudi alasiri nikakuta mstari mpya kwa mwandiko wa mpwa wangu. Dalili: kompyuta ya adhana haitoi sauti. Alichojaribu: ametazama sauti haikupelekwa kwenye skrini badala ya spika, amefungua `alsamixer` kuona kama pana herufi MM zinazoonesha imefungwa, hapana, ameanzisha upya, amejaribu spika kwenye simu, zinalia. Kilichotibu: kuinama nyuma ya meza, kuutoa waya wa spika kwenye tundu la waridi la maikrofoni na kuutia kwenye la kijani.

Meza ile niliisogeza mimi Jumanne kufagia. Safu ya mkosaji alikuwa ameiandika kwa kalamu nyekundu, na kwa adabu zote: Mjomba.